Suomi: Mwalimu aliyepima joto la shamba la mahindi, kisha la dunia nzima

MFANYABIASHARA wa nafaka anayeijua kazi yake haamini mizani moja. Gunia likipimwa kijijini likaonekana lina kilo 100, atalipima tena likifika ghalani. Vipimo viwili visipolingana, hataanza kwa kugombana. Ataanza kwa kuuliza ni mizani ipi iliyokosea, na imekosea kwa kiasi gani.

Verner Suomi, Mmarekani aliyefariki dunia mwaka 1995, aliishi kwa kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba yeye hakupima magunia, bali joto: kwanza la shamba la mahindi, baadaye la dunia nzima.

Wataalamu wengi humwita baba wa elimu ya hali ya hewa inayotumia setilaiti. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa kazi ambayo mkulima na mfanyabiashara hawaioni, lakini wanaitegemea kila wanaposikiliza utabiri wa mvua redioni. Kazi hiyo ni ya kutumia mionzi ya joto inayopokelewa na setilaiti ili kukagua kama takwimu za joto na unyevu wa hewa zilizokusanywa kwa njia nyingine ni za kweli.

Mtoto wa mji wa machimbo

Suomi alizaliwa Desemba 6, 1915 katika mji mdogo wa Eveleth, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Ni eneo la machimbo ya chuma, lenye baridi kali na theluji nyingi, ambako wahamiaji wengi kutoka Finland walikwenda kutafuta kazi. Familia yake ilikuwa miongoni mwao, na jina lenyewe linaeleza asili yao: Suomi ndilo jina ambalo watu wa Finland huiita nchi yao kwa lugha yao.

Hakuanza maisha kama mtaalamu wa hali ya hewa. Alisoma chuo cha ualimu huko Winona, katika jimbo hilo hilo, akahitimu mwaka 1938, kisha akafundisha sayansi na hisabati katika shule za sekondari. Waliomfahamu baadaye walisema tabia ya ualimu haikumwacha. Alipenda kueleza jambo kubwa kwa vitu vidogo vilivyo mezani, na alipenda kutengeneza vyombo kwa mikono yake mwenyewe.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyobadili njia yake. Marekani ilihitaji haraka watu wa kutabiri hali ya hewa kwa ajili ya ndege za kivita. Suomi, aliyekuwa ameanza kuvutiwa na mambo ya anga, aliacha ualimu wa sekondari na kujiunga na Chuo Kikuu cha Chicago. Huko alisoma chini ya Carl-Gustaf Rossby, mzaliwa wa Sweden aliyekuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu hiyo duniani, na yeye mwenyewe akashiriki kuwafundisha vijana wa jeshi la anga.

Mwaka 1948 alihamia Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, ambako idara mpya ya hali ya hewa ilikuwa ndiyo kwanza inaanzishwa. Wisconsin ni jimbo la ng'ombe wa maziwa na mahindi. Alibaki huko hadi mwisho wa maisha yake.

Daftari la shamba la mahindi

Alipotafuta mada ya shahada yake ya udaktari, aliyoipata Chicago mwaka 1953, Suomi hakwenda mbali. Aliingia kwenye shamba la mahindi akiwa na vipimo vyake, akaanza kuandika mapato na matumizi ya joto la shamba hilo.

Kila mwenye duka ataielewa hesabu hiyo. Mapato ni joto linaloletwa na jua. Matumizi yako ya aina kadhaa. Sehemu ya mwanga hurudishwa juu na majani na udongo kabla haijafanya kazi yoyote. Sehemu huingia ardhini na kuupasha udongo. Sehemu huipasha hewa inayopita shambani. Sehemu nyingine hutoka usiku na mchana kama mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, ile inayoitwa infraredi. Ndiyo joto ambalo mtu hulihisi kwa kiganja anapokisogeza karibu na jiko la mkaa bila kuligusa.

Lakini katika shamba lenye mahindi yaliyostawi na udongo wenye maji, matumizi makubwa kuliko yote ni kugeuza maji kuwa mvuke. Kazi hiyo hula joto jingi mno. Ndiyo maana hewa iliyo juu ya shamba bichi huwa baridi kuliko ile iliyo juu ya uwanja mtupu uliopakana nalo. Maji yakiisha udongoni, joto lililokuwa likitumika kwa mvuke hukosa kazi na kugeukia hewa, udongo na majani. Mkulima ataiona hasara hiyo pale majani yanapojikunja saa sita mchana.

Ugumu wa hesabu hiyo ni kwamba kila kipengele hupimwa kwa chombo chake. Siku ikiisha, jumla ya matumizi inatakiwa ilingane na mapato. Isipolingana, joto halikuibwa na mtu. Kuna chombo kilichosema uongo, na kazi ya mpimaji ni kukitafuta.

Kutokana na shamba hilo Suomi alijiuliza swali lililomwongoza kwa miaka yote iliyobaki. Ikiwa shamba lina daftari la mapato na matumizi ya joto, dunia nayo je? Jua huleta, na dunia hurudisha angani. Tofauti kati ya mahali na mahali ndiyo inayosukuma upepo, mawingu na mvua. Tatizo lilikuwa mahali pa kusimama. Shamba unaweza kulipima ukiwa pembeni mwake. Dunia huwezi kuipima mpaka utoke nje yake.

Roketi iliyolipuliwa

Oktoba 4, 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu. Marekani nayo ilikuwa ikitafuta vyombo vya kisayansi vya kupeleka juu. Suomi na mwenzake Robert Parent, mhandisi wa umeme wa hapo hapo Wisconsin, walikuwa na pendekezo tayari.

Chombo chao kilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Kilikuwa na nusu za tufe, vibakuli vidogo vilivyogeuzwa, baadhi vikiwa vimepakwa rangi nyeusi na vingine nyeupe. Mwanga wa jua hupasha kitu cheusi kuliko cheupe, kama anavyojua kila aliyevaa shati jeusi juani. Lakini kwa mionzi ya infraredi inayotoka duniani mambo ni tofauti, kwa sababu rangi nyeupe huipokea karibu sawa na nyeusi. Kwa hiyo, ukipima joto la kibakuli cheusi na la kibakuli cheupe, unaweza kutenganisha kiasi kinachotoka kwa jua na kiasi kinachotoka duniani.

Julai 16, 1959 chombo hicho kilikuwa juu ya roketi huko Cape Canaveral, Florida. Roketi ilinyanyuka, ikapinda, na sekunde chache baadaye waliokuwa na jukumu la usalama wakailipua ili isiangukie watu. Kazi ya muda mrefu iliteketea hapo hapo mbele ya macho ya walioifanya.

Hawakuacha. Setilaiti nyingine ya mfano ule ule iliandaliwa, na Oktoba 13, 1959 ilifika angani salama. Iliitwa Explorer 7, na kipimo cha Suomi na Parent kinahesabiwa kuwa chombo cha kwanza cha hali ya hewa kilichofanikiwa kufanya kazi ndani ya setilaiti.

Takwimu zake zilionyesha jambo muhimu. Joto linalotoka duniani kwenda angani halikuwa sawa kila mahali. Lilipungua penye mawingu marefu na kuongezeka penye anga jeupe, hivyo ramani ya joto hilo ilifuatana na ramani ya hali ya hewa iliyokuwa chini yake. Kumbe hali ya hewa ingeweza kusomwa kutoka juu, hata usiku, kwa kutumia joto pekee.

Miaka iliyofuata, Suomi na mwanafunzi wake Thomas Vonder Haar walikusanya vipimo vya setilaiti kadhaa na kuisahihisha hesabu ya zamani. Wataalamu walikuwa wakikadiria kuwa dunia hurudisha angani kama asilimia 35 ya mwanga wa jua. Vipimo vikaonyesha ni kama asilimia 30. Dunia ilikuwa ikipokea joto zaidi ya ilivyodhaniwa, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ilikuwa katika nchi za joto, karibu na Ikweta.

Jicho linalozunguka

Setilaiti za mwanzo zilikuwa na kasoro kubwa. Zilipita mbio juu ya eneo na kuondoka. Wingu la mvua lililozaliwa mchana na kufa jioni lingeweza kukosekana kabisa katika picha.

Suomi na Parent walipata wazo la kutumia setilaiti iliyo mbali sana, kiasi cha kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Katika umbali huo setilaiti huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, hivyo huonekana kama imesimama mahali pamoja. Wakati huo setilaiti za namna hiyo zilitulizwa kwa kuzungushwa kama pia. Wengine waliona mzunguko huo ni kikwazo kwa mpiga picha, lakini Suomi aliona ni msaada: kila pia inapozunguka mara moja, kamera ichore mstari mmoja wa dunia kutoka magharibi hadi mashariki, kisha iiname kidogo na kuchora mstari unaofuata.

Kamera hiyo iliwekwa katika setilaiti ya majaribio iliyoitwa ATS-1, iliyorushwa Desemba 1966 na kuwekwa juu ya Bahari ya Pasifiki. Ilichukua kama dakika 20 kukamilisha picha moja ya upande mzima wa dunia. Picha zilipopangwa moja baada ya nyingine, mawingu yalionekana yakitembea. Suomi alipenda kueleza kwamba tangu siku hiyo ni hali ya hewa iliyotembea, si setilaiti.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1965, alikuwa ameanzisha kituo cha sayansi na uhandisi wa anga katika chuo chake. Katika miaka ya 1970 kituo hicho kilitengeneza mfumo wa kompyuta uitwao McIDAS, uliomwezesha mtabiri kuona picha za setilaiti zikitembea kwenye kioo na kuzilinganisha na vipimo vya ardhini.

Mwaka 1979 kazi hiyo ilifika karibu na pwani ya Afrika Mashariki. Nchi nyingi ziliungana katika jaribio kubwa la kuipima angahewa ya dunia nzima kwa mwaka mmoja. Bahari ya Hindi haikuwa na jicho lake la kudumu angani, hivyo setilaiti ya Marekani iitwayo GOES-1 ilisogezwa hadi juu ya bahari hiyo. Picha zake zilitumiwa na wataalamu wa Wisconsin kukokotoa kasi na mwelekeo wa upepo wa msimu kwa kufuatilia mwendo wa mawingu. Huo ni upepo wa kusi, ambao mabaharia wa pwani wameutegemea kwa karne nyingi na ambao huvuka Ikweta na kupeleka mvua hadi India.

Joto linavyosomwa kutoka juu

Picha za mawingu hazikutosha. Mvua haiji kwa sababu ya wingu linaloonekana tu. Huja kwa sababu ya joto na unyevu uliomo katika tabaka za hewa, na tabaka hizo hazionekani.

Njia ya zamani ya kuzipima, ambayo inatumika hadi leo, ni puto. Puto lililojazwa gesi nyepesi hupanda likiwa limebeba kipimo cha joto, kipimo cha unyevu na redio ndogo ya kutuma taarifa. Hupanda hadi kiasi cha kilomita 30, kisha hupasuka. Vituo vingi duniani hurusha puto mara mbili kwa siku, saa 9 usiku na saa 9 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki. Suomi mwenyewe alifanya kazi ya puto kwa miaka mingi, na pamoja na mwenzake Peter Kuhn alitengeneza kipimo chepesi na cha bei nafuu cha kupima mionzi ya infraredi puto linapopanda.

Puto lina mapungufu mawili. La kwanza ni kwamba hupima mahali lilipopita tu. Baharini halipo, na katika sehemu kubwa ya Afrika vituo ni vichache na viko mbalimbali. La pili ni kwamba chombo chake huweza kukosea. Kipimo cha unyevu kikipigwa na jua huweza kupata moto na kuonyesha hewa ni kavu kuliko ilivyo. Kikipita kwenye wingu na kulowa, huchelewa kukauka.

Setilaiti hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi, hewa ikiwemo. Lakini kila gesi ina mawimbi yake maalum inayoyameza na kuyatoa. Hewa ukaa iko karibu sawa kila mahali duniani, hivyo nguvu ya mionzi yake huonyesha hewa ina joto kiasi gani. Katika mawimbi ambayo gesi hiyo huyameza sana, setilaiti huona tabaka za juu pekee. Katika mawimbi inayoyameza kidogo, setilaiti huona hadi tabaka za chini. Ukipima mawimbi mengi kwa pamoja, unapata joto la hewa ngazi kwa ngazi.

Mvuke wa maji nao una mawimbi yake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, mvuke huziba na setilaiti huona tabaka za juu zenye baridi. Hewa ikiwa kavu, setilaiti huona chini zaidi, penye joto. Hivyo mionzi ikiwa dhaifu katika mawimbi hayo ni dalili ya unyevu, na ikiwa na nguvu ni dalili ya ukavu.

Wazo hilo lilitolewa na Lewis Kaplan mwaka 1959, na likathibitishwa Aprili 1969 setilaiti ya Nimbus 3 ilipopima joto la tabaka za hewa kwa infraredi kwa mara ya kwanza. William Smith, aliyekuwa mwanafunzi wa Suomi, alikuwa miongoni mwa walioiendeleza kazi hiyo. Suomi naye alitaka kipimo cha aina hiyo kiwekwe kwenye setilaiti inayokaa mahali pamoja, ili hewa ipimwe mara kwa mara pale dhoruba inapoanza kujengeka. Septemba 1980 GOES-4 ilirushwa ikiwa na chombo hicho, cha kwanza cha aina yake.

Nani amkague mwenzake?

Hapo ndipo ugomvi wa mizani mbili ulipoanza. Katika miaka ya 1970 na 1980, takwimu za joto na unyevu kutoka setilaiti ziliboresha wazi utabiri wa nusu ya kusini ya dunia, ambako bahari ni kubwa na puto ni chache. Lakini Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kwenye puto nyingi, mara nyingine hazikusaidia, na pengine ziliharibu. Baadhi ya watabiri walizitilia shaka.

Shaka hiyo ilikuwa na msingi. Setilaiti haipimi joto moja kwa moja, bali mionzi. Ili kuigeuza mionzi kuwa nyuzi za joto na kiwango cha unyevu, ilibidi mtaalamu aanze na makadirio ya hewa ilivyo, na makadirio yakikosewa, jibu nalo hukosewa. Zaidi ya hayo, wingu huziba infraredi, na setilaiti huona tabaka nene, si mstari mwembamba kama puto.

Suluhisho lilipatikana kwa kuigeuza hesabu. Badala ya kuilazimisha setilaiti itaje joto la hewa, wataalamu walichukua takwimu za joto na unyevu zilizokuwepo, wakakokotoa ni mionzi kiasi gani ingetoka kwenye hewa ya namna hiyo, kisha wakailinganisha na mionzi ambayo setilaiti imeipima kweli. Vikilingana, takwimu zimepita ukaguzi. Visipolingana, kompyuta husahihisha takwimu kidogo kidogo, ikizingatia pia kwamba setilaiti yenyewe ina makosa yake.

Ni sawa na mnunuzi anayeambiwa kuwa ghala lina magunia 200 ya mahindi. Hahitaji kuyashusha yote. Anajua magunia 200 yanapaswa kufika urefu gani kwenye ukuta. Akikuta yamefika nusu, anajua hesabu ina walakini.

Vituo vikubwa vya utabiri vilianza kufanya hivyo katika miaka ya 1990. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ubora wa utabiri wa nusu ya kusini ya dunia, uliokuwa nyuma kwa miaka mingi, ulikuwa umekaribia ule wa kaskazini.

Ukaguzi huo huenda pande zote mbili. Setilaiti huweza kufichua puto linalosoma ukavu uliozidi. Puto nalo, likirushwa wakati setilaiti inapita juu yake, huweza kufichua chombo cha setilaiti kilichochakaa. Ili kujilinda, chombo cha infraredi hubeba ndani yake kitu cheusi chenye joto linalojulikana, na kila mara hukitazama hicho, kisha hutazama anga tupu lenye baridi kali, kabla ya kutazama dunia. Ni kama mwenye mizani anayeweka jiwe la kilo moja kila asubuhi kabla ya kumhudumia mteja wa kwanza.

Hakuuona mwisho wake

Katika miaka ya 1970 Suomi alipewa Nishani ya Taifa ya Sayansi, heshima kubwa ya serikali ya Marekani kwa mwanasayansi. Vipimo vyake vilifika hata kwenye sayari ya Zuhura mwaka 1978, vikapima joto katika anga lake. Hata hivyo, alibaki Madison akifundisha, na wanafunzi wake wakasambaa katika taasisi mbalimbali.

Alifariki dunia Julai 30, 1995 akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka mmoja kabla, GOES-8 ilikuwa imerushwa ikiwa na kipimo cha infraredi kilichojitegemea, kisichogombania muda na kamera. Haikuzunguka tena kama pia. Ufundi uliompa jina ulikuwa umepitwa na wakati angali hai, lakini kipimo alichokipigania kilikuwa kinafanya kazi kila saa. Mabadiliko ya hesabu yaliyowamaliza watabiri shaka zao yalikuwa ndiyo kwanza yanashika kasi.

Oktoba 28, 2011 Marekani ilirusha setilaiti mpya ya hali ya hewa, na Januari 2012 ikapewa jina lake: Suomi NPP. Ndani yake kulikuwa na chombo kinachopima infraredi katika mawimbi zaidi ya 1,000, kwa ajili ya joto na unyevu wa hewa. Chombo cha aina hiyo kimewekwa pia katika setilaiti zilizofuata, NOAA-20 ya mwaka 2017 na NOAA-21 ya mwaka 2022. Julai 1, 2025 nchi za Ulaya zilirusha setilaiti ya kwanza ya kwao yenye kipimo cha infraredi cha tabaka za hewa inayokaa mahali pamoja, ikitazama upande wa dunia wenye Ulaya na Afrika. Wazo la mwaka 1980 limefika juu ya bara hili miaka 45 baadaye.

Faida kwa mkulima

Kwa mkulima wa nchi yenye vituo vichache vya puto, ukaguzi huu si anasa. Unyevu unaotoka Bahari ya Hindi na kuingia nchi kavu hupita juu ya maeneo ambayo hayana puto wala kipimo cha ardhini. Bila setilaiti, kompyuta ya utabiri ingeanza kazi ikiwa na makisio, na anayeanza na hesabu mbovu humaliza na hesabu mbovu zaidi.

Huko Florida, wakulima wa machungwa walianza kunufaika na infraredi ya setilaiti tangu miaka ya 1970, ilipotumika kufuatilia baridi kali ikishuka usiku kuelekea mashambani mwao. Saa chache za taarifa zilimwezesha mkulima kuamua kama awashe mashine za kukinga matunda au aokoe gharama za mafuta.

Pamoja na hayo, setilaiti haioni kila kitu. Haijui kama mvua ya leo itaangukia shamba la upande huu wa kilima au la upande wa pili. Hapo mkulima anabaki na mizani yake mwenyewe, kipimamvua cha shilingi chache kilichosimikwa uwanjani na daftari la kuandika kila asubuhi. Akilinganisha maandishi yake na utabiri aliousikia, msimu baada ya msimu, atajua utabiri huo unamfaa kwa kiasi gani, na ni siku zipi asiutegemee kupanda au kuanika.

Kazi hiyo haina tofauti na ile ambayo Verner Suomi aliifanya katika shamba la mahindi zaidi ya miaka 70 iliyopita.